Nyuroni inayofyatua mara 476 kwa sekunde, na maswali mengine ya hesabu za ubongo

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Mwanza na visiwani, kwa wasomaji wanaojaribu kuandika kazi ya ubongo kwa milinganyo na kuiendesha kwenye kompyuta. Tumezifupisha, ila namba za wasomaji hatukuzigusa, kwa sababu mara nyingi jibu lilikuwa limejificha humo humo. Hesabu karibu zote zilizomo humu unaweza kuzirudia kwa kalamu na kikokotoo cha simu, nasi tunakuomba uzirudie.

SWALI: Shikamooni. Nasoma mwaka wa 3, naishi Malimbe. Nimeandika programu ya nyuroni moja (seli ya neva) ya aina rahisi kabisa, ile inayokusanya mkondo huku ikivuja. Umeme wa mapumziko ni milivolti −70 (mV), kizingiti cha kufyatua mpigo −50 mV, na baada ya mpigo inarudi −70 na kunyamaza kwa milisekunde 2 (ms). Hatua ya muda ni 0.1 ms. Nimeipa mkondo wa pikoampia 250 na ukinzani wa megaomu 100. Inafyatua mara 476 kwa sekunde. Nikipunguza mkondo hadi nusu, napata 476 ileile. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Hiyo 476 yenyewe inakutajia kosa. Gawanya 1000 kwa 476, utapata 2.1. Hizo ni 2 ms za kunyamaza pamoja na hatua moja ya 0.1 ms. Kwa hiyo kila nyuroni yako inapomaliza kunyamaza, inaruka kizingiti kwa hatua moja tu. Kinachoizuia isiende kasi zaidi ni ule muda wa kunyamaza peke yake. Mkondo hauna tena la kusema, ndiyo maana hata ukiukata nusu hakuna kinachobadilika.

Kosa liko kwenye vipimo. Pikoampia ukizidisha kwa megaomu unapata mikrovolti, si milivolti. Umeandika 250 × 100, programu ikapokea 25,000 na kuzihesabu kama milivolti. Hizo ni volti 25, ndani ya seli ambayo umeme wake wa mapumziko haufiki hata sehemu ya kumi ya volti moja. Chagua vipimo vinavyoelewana na usivichanganye: milivolti, nanoampia, megaomu, nanofaradi na milisekunde. Nanoampia mara megaomu ni milivolti. Megaomu mara nanofaradi ni milisekunde. Mkondo wako basi ni 0.25, na 0.25 × 100 = 25 mV.

Sasa mlinganyo. Utando wa seli hutunza chaji, tuseme 0.2 nF, na 100 × 0.2 inakupa 20 ms. Huo ndio muda unaotawala jinsi seli inavyopanda na kushuka. Basi:

20 × dV/dt = −(V + 70) + 25

Fikiria ndoo iliyotoboka chini, iliyowekwa chini ya bomba. Maji yanapopanda, yanavuja kwa kasi zaidi. Bomba likiwa dogo, maji hutulia mahali fulani na hayafiki ukingoni kamwe. Louis Lapicque aliandika wazo hili mwaka 1907, kabla ya mtu yeyote kuona milango ya ioni (vijitundu vya utando vinavyopitisha chembe zenye chaji, kama sodiamu na potasiamu), na bado ndiyo nyuroni inayotumika zaidi kwenye mitandao mikubwa.

Endesha hatua mbili kwa mkono kabla ya kuiamini kompyuta. Kwa hatua ya 0.1 ms unazidisha upande wa kulia kwa 0.1/20, yaani 0.005. Kuanzia −70: 0.005 × 25 = 0.125, unafika −69.875. Hatua ya pili: 0.005 × 24.875 = 0.124, unafika −69.751. Programu yako isipotoa namba hizi, usiendelee mbele.

Kisha linganisha na jibu kamili la kwenye karatasi. Muda wa kutoka −70 hadi −50 ni 20 × ln(25/5), yaani 32.19 ms. Ongeza 2 za kunyamaza, unapata 34.19 ms, au mipigo 29 kwa sekunde. Jaribu na mikondo mingine: kwa 0.19 nA isifyatue kabisa, kwa 0.21 ifyatue karibu mara 16, kwa 0.30 karibu mara 42. Angalia huo mruko kutoka sifuri hadi 16 kwa nyongeza ndogo ya mkondo. Mpaka wenyewe ni 0.20 nA, ambapo 25 yetu inakuwa 20 na seli inakikaribia kizingiti bila kukigusa.

Kuhusu hatua ya muda: ukitumia 5 ms, kompyuta itasema mpigo umefika kwa 30 ms, kwa 1 ms itasema 32, kwa 0.1 itasema 32.2. Kwa seli moja, 1 ms inavumilika. Kwenye mtandao haitoshi, maana ujumbe unaochelewa 1.5 ms kati ya seli mbili hauwezi kuandikwa kwa hatua za 1 ms. Na ukivuka 40 ms, yaani mara mbili ya ile 20, hesabu yenyewe inaanza kuyumba na kukua bila kikomo.

Programu ya bure iitwayo Brian hukataa kuendelea vipimo visipoelewana. Kwa anayeanza, hiyo peke yake inatosha kuichagua.

SWALI: Naandika kutoka Capri Point. Nimetumia milinganyo ya Hodgkin na Huxley ya mwaka 1952. Nikichora kasi za kufunguka kwa milango kuanzia −100 hadi +50 mV, kwa kila 1 mV, kompyuta inaandika "nan" (yaani "si namba") mahali pawili. Pili, nimeweka joto la 37 ili niige ubongo wa mtu, mpigo ukapotea. Tatu, wakati mwingine namba zinalipuka.

JIBU: Mahali pawili penyewe bila shaka ni −55 na −40. Kasi ya kufunguka kwa mlango wa potasiamu huandikwa hivi:

0.01 × (V + 55) / (1 − exp(−(V + 55)/10))

Ukiweka V = −55, juu ni sifuri na chini ni sifuri. Kompyuta haijui la kufanya na sifuri juu ya sifuri, lakini hesabu inajua: ukikaribia pale kutoka upande wowote, jibu linaelekea 0.1. Mlango wa sodiamu una umbo hilohilo kwenye −40, na jibu lake linaelekea 1. Weka sharti kwenye programu: V ikiwa karibu mno na namba hiyo, tuseme tofauti ikiwa chini ya sehemu moja ya milioni ya milivolti, rudisha 0.1 au 1 moja kwa moja. Kosa hili ni la hatari kwa sababu linalala. V inayosafiri kwa desimali nyingi inaweza kupita −55 mara elfu bila kuigusa barabara, halafu siku unapoishikilia seli kwenye −55 kamili kwa jaribio, kazi yote inageuka "nan".

Joto sasa. Hodgkin na Huxley walipima neva nene ya ngisi wa baharini, na namba zao ni za nyuzi 6.3. Kila joto likipanda nyuzi 10, kasi za milango huzidishwa kwa 3. Kwenye nyuzi 26.3 umeshazidisha kwa 9. Kwenye 37 umezidisha kwa 29 hivi. Sodiamu inafunguka, lakini mlango wake wa kufunga na ule wa potasiamu vinawahi mno, utando haupati muda wa kujaa, na mpigo unakufa ukiwa mdogo. Programu yako haijakosea. Uliyempasha joto ni ngisi, na ngisi hageuki kuwa mtu kwa kupashwa joto. Ukitaka seli ya mnyama mwenye damu ya moto, anza na milinganyo iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Ule wa Wang na Buzsáki wa mwaka 1996, wa seli zinazotuliza wenzao, una sehemu chache na unaandikika kwa jioni moja.

Kulipuka kwa namba kunatokana na hatua ndefu. Wakati wa mpigo, milango mingi iko wazi na upitishaji wa utando unaweza kufika kama milisimensi 40 (mS) kwa sentimita ya mraba. Uwezo wa utando wa kutunza chaji ni mikrofaradi 1 (µF) kwa sentimita ya mraba, hivyo muda wa seli unakuwa 1/40, yaani 0.025 ms. Njia rahisi ya kujumlisha hatua kwa hatua huanza kuyumba ukizidi mara mbili ya hapo. Tumia 0.01 ms. Seli inayopumzika inakubali hatua ndefu zaidi, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika: wanajaribu bila mkondo, wanaona mambo shwari, kisha wanaongeza mkondo.

Jambo moja hukuuliza, lakini litakukuta. Kwenye makala ya 1952 umeme wa mapumziko umeandikwa sifuri, na alama za kujumlisha na kutoa zimegeuzwa: sodiamu iko −115, potasiamu +12. Vitabu vya sasa huandika mapumziko −65, sodiamu +50, potasiamu −77. Ukichukua mlinganyo huku na kigezo kule, hutaona ujumbe wowote wa kosa. Utaona tu seli isiyofyatua. Kipimo cha haraka: kwenye −65, milango iliyotulia isomeke m = 0.053 (wa kufungua sodiamu), h = 0.596 (wa kuifunga) na n = 0.318 (wa potasiamu).

SWALI: Mimi ni fundi kompyuta wa Kirumba, na hesabu nimejifunza mwenyewe. Nataka kuendesha ule mtandao wa Brunel wa mwaka 2000, mfano wa kompyuta wenye seli 12,500, nyingine zikichochea wenzao na nyingine zikiwatuliza. Kompyuta yangu mpakato ina gigabaiti 4 na inakwama. Nimepunguza seli hadi 1,250 na sasa zote zinafyatua pamoja kama zimeamrishwa.

JIBU: Ndugu fundi, umegusa matatizo matatu kwa barua moja, na yote yana dawa.

Kukwama ni suala la namna ya kuhifadhi. Ukitengeneza jedwali la kila seli kwa kila seli, una nafasi 12,500 × 12,500, zaidi ya milioni 156. Kila namba ikichukua baiti 8, hiyo ni gigabaiti 1.25, na programu ikitengeneza nakala mbili katikati ya hesabu, kompyuta yako imekwisha. Lakini katika mtandao huu kila seli inapokea viungo 1,250 tu: 1,000 kutoka kwa seli zinazochochea na 250 kutoka kwa zinazotuliza. Sehemu tisa kati ya kumi za jedwali lako ni sifuri tupu. Hifadhi orodha: kwa kila seli, namba za seli inazozipelekea ujumbe. Viungo vyote ni milioni 15.6, kila kimoja baiti 4, jumla megabaiti 62 na nusu. Uzito usiuhifadhi kabisa, maana upo wa aina mbili tu: 0.1 mV kwa mchochezi, na 0.5 mV ya kushusha kwa mtulizaji. Programu ya NEST imejengwa kwa kazi za namna hii, lakini kwa orodha hizo hata programu yako mwenyewe itatosha.

Kupunguza seli ni jambo gumu kuliko linavyoonekana. Ukibaki na 1,250 na uwezekano wa kuungana ukiwa uleule wa 0.1, kila seli sasa inasikia wachochezi 100 badala ya 1,000. Ukiacha uzito 0.1 mV, wastani wa kinachoingia umeshuka mara kumi. Ukiongeza uzito hadi 1 mV, wastani umerudi, lakini mtikisiko umekua zaidi ya mara 3, kwa sababu mraba wa mtikisiko hufuata idadi ya viungo mara mraba wa uzito. Njia ya kati ni kuzidisha uzito kwa 3.16, yaani kipeuo cha pili cha 10: mtikisiko unabaki palepale, na upungufu wa wastani unaujaza kwa mkondo usiobadilika. Hata hivyo jozi za seli zitafuatana kidogo zaidi kuliko kwenye mtandao kamili. Hilo halikwepeki, liandike kwenye ripoti yako.

Sasa kufyatua pamoja. Chunguza kwa mpangilio huu.

Kwanza tazama alama ya watulizaji, kama kweli inapunguza. Wachochezi wote 1,000 wakifyatua pamoja wanaleta 100 mV. Watulizaji 250 kwa 0.5 wanaondoa 125. Mizani inakaa pale mtulizaji anapokuwa na nguvu mara 4 ya mchochezi, kwa kuwa wachochezi ni mara 4 kwa idadi. Sisi tuko kwenye 5, upande wa breki. Ukiwa chini ya 4, kufyatua pamoja si kosa la programu. Ndivyo mtandao huo ulivyo.

Kisha tazama kelele ya nje. Hapa ndipo tunaposhuku kosa lako liko. Kila seli hupokea kutoka nje mipigo 20,000 kwa sekunde ikiwa umeweka kiwango mara 2 ya kile kinachotosha kuifikisha seli kwenye kizingiti, na kwa hatua ya 0.1 ms huo ni wastani wa mipigo 2. Namba hiyo huchotwa kwa bahati nasibu ya Poisson. Wengi huchota namba moja kwa kila hatua na kuigawia mtandao mzima. Seli zote zikisikia kelele moja, zitafyatua kwa pamoja, na wewe utadhani umegundua mdundo wa ubongo. Chota namba 1,250 tofauti kila hatua.

Mwisho, usizianzishe seli zote kwenye umeme mmoja. Zitawanye kati ya kurudi na kizingiti, kisha tupa milisekunde 200 za mwanzo kabla ya kupima chochote.

Mtandao kamili, kwa breki ya 5 na kelele ya mara 2, utatulia kwenye mipigo kama 30 hadi 40 kwa sekunde kwa kila seli bila utaratibu wa pamoja. Usiamini macho peke yake. Pima nafasi kati ya mpigo na mpigo kwa kila seli, ugawanye mtawanyiko wake kwa wastani wake. Ikikaribia 1, seli inafyatua ovyo kama inavyotakiwa. Ikikaribia 0, inapiga kama saa. Na umeme ukiwa wa kukatika, hifadhi hali ya mtandao kwenye faili kila baada ya muda mfupi, pamoja na hali ya kichota namba za bahati nasibu. Bila hiyo ya pili huwezi kuendelea palepale ulipoishia.

SWALI: Je, hii "mitandao ya nyuroni" ndiyo ileile ya akili bandia kwenye simu? Msomaji, Magu.

JIBU: Ukoo ni mmoja, kazi ni mbili. McCulloch na Pitts mwaka 1943 waliandika nyuroni kama swichi ya ndiyo au hapana, na pande zote mbili zinaanzia kwao. Ya kwenye simu huzidisha namba kwa uzito na kuzijumlisha. Ndani yake hakuna milivolti wala milisekunde, na uzito wake umerekebishwa ili itoe jibu linalotakiwa. Ya kwetu inaulizwa kama inafanana na seli iliyopimwa. Nzuri kwa hii si lazima iwe nzuri kwa ile.

SWALI: Mimi ni tabibu katika zahanati upande wa Sengerema. Wagonjwa wangu wa kifafa wengi wako kwenye fenobabitoni. Hesabu zenu zinaweza kuonyesha dawa hii inafanyaje kazi? Na zinaweza kuniambia mgonjwa ataanguka lini?

JIBU: Tuanze na la pili, kwa sababu linagusa watu. Hapana. Mlinganyo wa kwenye kurasa hizi haumjui mgonjwa wako, hauoni kovu wala uvimbe wa tegu kwenye ubongo wake, na haupaswi kubadilisha dozi ya mtu. Unayoyajua wewe yanabaki palepale: dawa isikatishwe ghafla, na degedege linalozidi dakika 5 ni dharura.

La kwanza tunaweza. Ubongo hutulizwa kwa sehemu kubwa na kemikali iitwayo GABA, inayofungua milango ya kloraidi. Fenobabitoni huifanya milango hiyo ikae wazi kwa muda mrefu zaidi kila inapofunguka; dawa za jamii ya daiazepamu huifanya ifunguke mara nyingi zaidi. Kwenye mlinganyo, ya kwanza huigwa kwa kurefusha muda wa breki kufifia, tuseme kutoka 10 ms hadi 20. Chaji inayopita inakuwa mara mbili bila kuongeza seli wala viungo.

Sasa chukua seli ya mwanafunzi wetu wa Malimbe. Megaomu 100 ni sawa na upitishaji wa nanosimensi 10. Ifungulie milango ya kloraidi ya nanosimensi 10 nyingine, yenye umeme wake wa −75 mV. Mapumziko yanakuwa katikati ya −70 na −75, yaani −72.5. Ukinzani umeshuka nusu, kwa hiyo ule mkondo wa 0.25 nA uliokuwa ukileta 25 mV sasa unaleta 12.5. Seli inaishia −60. Kizingiti ni −50. Imenyamaza kabisa, kutoka mipigo 29 hadi sifuri.

Sasa badilisha namba moja tu. Kloraidi ikirundikana ndani ya seli, umeme wake hupanda. Uweke −50 badala ya −75. Mapumziko yanakuwa −60, ongeza 12.5, unafika −47.5. Umevuka kizingiti. Muda wa seli nao umepungua kutoka 20 ms hadi 10, hivyo kutoka −70 hadi −50 ni 10 × ln 9, karibu 22 ms. Ongeza 2 za kunyamaza na unapata mipigo 42 kwa sekunde. Breki ileile, milango ileile, na seli imeongeza kasi sawa na kama ungeiongezea mkondo hadi 0.30. Kwenye ubongo mchanga kloraidi ndani ya seli huwa nyingi zaidi, na watafiti wanaitaja kama sababu mojawapo ya dawa za GABA kutofanya vizuri kwa baadhi ya watoto wachanga wenye degedege.

Ndiyo maana tunamsihi anayeiga dawa asitumie uzito wenye alama ya kutoa tu, kama wa mtandao wa Brunel hapo juu. Uzito huo umeshaamua kwamba mtulizaji hutuliza siku zote. Andika breki kama upitishaji mara tofauti ya umeme, uache mlinganyo uamue wenyewe.

SWALI: Nina rekodi ya EEG, yaani ya umeme wa ubongo unaopimwa kwa waya za kichwani, vipimo 500 kwa sekunde. Ili faili liwe dogo nimechukua kimoja katika kila vipimo 8. Mtu akiwa amefumba macho naona mdundo mkali wa hezi 12.5, nikafurahi kwamba ni alfa, nikaurekebisha mfano wangu uufuate. Mwenzangu anasema nimefuata nguzo ya umeme. Igoma.

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, na inauma kwa sababu namba imeangukia pabaya. Umeme wetu wa majumbani hutikisika mara 50 kwa sekunde, na tetesi zake huingia kwenye waya za kichwani. Ukichukua kimoja katika 8, umebaki na vipimo 62.5 kwa sekunde, ambavyo haviwezi kuonyesha chochote kilichozidi 31.25. Hezi 50 haipotei. Inajikunja na kujitokeza kwenye 62.5 − 50, yaani 12.5. Alfa ni kati ya 8 na 13. Imevaa nguo za alfa.

Rudi kwenye faili la vipimo 500. Chuja kwanza, uondoe kila kilichozidi kama hezi 25, ndipo upunguze vipimo. Kisha pima kwa macho ya mtu mwenyewe: alfa halisi, hasa nyuma ya kichwa, hupanda akifumba macho na kushuka akifumbua. Mdundo usiojali kope si wake.

Mfano ulioufuatisha na 12.5 uanze upya. Usijaribu kuuokoa kwa kusogeza kigezo kimoja. Vigezo vyote vilikwishajipinda kuufuata umeme wa ukutani.

SWALI: Nafundisha hesabu kidato cha tano, Ukerewe. Nataka kuwaonyesha wanafunzi jinsi seli nyingi zinavyopatana mdundo, bila kompyuta.

JIBU: Mwalimu, tumia makofi na mlinganyo wa Kuramoto wa mwaka 1975. Wapiga makasia wanaijua hali hii: kila mmoja ana kasi yake, lakini akisikia mwenzake amemtangulia anaharakisha, akisikia amembakiza nyuma anapunguza.

Anza na wanafunzi wawili. Mmoja, akiwa peke yake, anapiga makofi 120 kwa dakika, mwingine 108. Hiyo ni 2 na 1.8 kwa sekunde, tofauti 0.2. Zidisha kwa 2π, upate 1.26, hatua hii ndiyo inayosahaulika, na ukiisahau majibu yote yanakuwa madogo zaidi ya mara 6. Ukiita nguvu ya kusikilizana K, na D pembe kati yao, basi dD/dt = 1.26 − K sin D. Sini haizidi 1, kwa hiyo K ikiwa chini ya 1.26 hawapatani kamwe. K ikiwa 1, wanakaribiana, wanateleza, na kukutana tena kila baada ya sekunde 8 hivi. Wasiposikilizana kabisa wangekutana kila sekunde 5. K ikifika 2.51, sin D ni nusu na D ni nyuzi 30. Wanapiga pamoja mara 1.9 kwa sekunde, na yule mwenye kasi anatangulia daima kwa sehemu ya 12 ya mzunguko, kama 44 ms. Rekodi kwa simu na utaweza kuipima kwenye mchoro wa sauti.

Kisha lete darasa zima. Mchore kila mwanafunzi kama mshale wenye urefu wa 1 unaoonyesha alipofika kwenye mzunguko wake, jumlisha mishale, gawanya kwa idadi. Urefu wa mshale wa wastani ni 1 wakipatana kabisa. Watu husema ni 0 wasipopatana, lakini hiyo ni kweli kwa kundi kubwa sana tu. Darasa la watu 40 wanaopiga ovyo litakupa karibu 0.15 kwa bahati peke yake, kwa hiyo waambie wanafunzi waanze kuhesabu mapatano juu ya hapo.